Namba 37

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya zamani. Kabla yangu ilihifadhi madawati mabovu, na hata baada ya kuingizwa seva, ruta na meza yangu, harufu ya mbao zilizolowa haikutoka. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa TEHAMA. Kwa chuo cha wanafunzi 300 na maabara ya kompyuta 24, TEHAMA ilikuwa mimi peke yangu.

Watu walidhani kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Kumbe kazi yenyewe hasa ilikuwa kugawa. Mwaka huo, 2018, chuo kilikuwa kinanunua gigabaiti 120 za intaneti kwa mwezi. Ukizigawa kwa vichwa 300, kila mmoja anapata megabaiti 400, na hapo walimu na mhasibu hujawahesabu. Nilifunga YouTube mchana. Nilizuia kompyuta za maabara zisijisasishe zenyewe, maana zikianza zote kwa pamoja, bando la wiki linaisha kabla ya chai ya saa nne. Wanafunzi wakanipa jina: Bwana Mgao.

Mwezi Machi bando likaisha tarehe 9.

Mkuu wa chuo aliniita asubuhi hiyo hiyo. Nikamwamkia, akaitikia huku anatazama barua ya mhasibu. "Nataka jina," akasema. Hakuuliza kama jina linaweza kupatikana. Na mimi, kijana wa miaka 26 mwenye ofisi inayonuka mbao, nilifurahi kuwa na kitu ambacho mkuu anakihitaji.

Seva yetu iliandika matumizi kwa kila anwani ya kompyuta. Nikakuta anwani inayoishia na 37 imekula gigabaiti 41 peke yake. Nikaingia kwenye ruta kutazama 37 ni nani. Palikuwa na kompyuta mpakato ya dada mmoja wa mwaka wa pili, stashahada ya maendeleo ya jamii. Nikaandika jina lake kwenye karatasi, nikaikunja, nikampelekea mkuu. Shughuli nzima haikuzidi dakika ishirini.

Kikao cha nidhamu kilifanyika alasiri. Nilikaa pembeni kama mtaalamu. Yule dada alisimama, mikono nyuma, akasema jambo moja tu: "Kompyuta hii kaka yangu kaniletea juzi Jumatano. Kabla ya hapo sikuwa nayo." Mlezi wa wanafunzi akanigeukia: "Mwalimu, mashine inasemaje?" Nikajibu, "Mashine haidanganyi."

Alifungiwa maabara na mtandao hadi mwisho wa muhula. Tangazo likabandikwa ubaoni, na jina lake kamili. Alikuwa anaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, hivyo ikambidi aende mjini kwenye kafe ya intaneti, kwa nauli yake, na alipie kila saa. Mara mbili nilimwona kituo cha daladala na begi lake mgongoni. Alinisalimia. Hiyo salamu bado ninayo.

Sasa nieleze kosa, maana ni dogo na liko kwenye vyuo vingi. Anwani ya IP haifanani na namba ya kitambulisho. Katika mtandao kama wetu anwani hugawiwa kwa utaratibu unaoitwa DHCP, uliokuwapo tangu 1993: kompyuta inaomba, ruta inaipa namba kwa muda, kama mtu anavyopewa namba ya foleni hospitali. Leo 37 ni wewe, kesho ni mwingine. Ruta yetu ilikuwa ya bei nafuu. Orodha ya nani kapewa namba gani iliishika kichwani tu. Umeme ukikatika, inasahau yote na kuanza kugawa upya. Na umeme ulikatika usiku wa kuamkia ile Jumatano. Hesabu ya matumizi, kwa upande mwingine, ilikuwa salama kwenye diski ya seva. Mimi nilichukua deni la mwenye namba wa zamani, nikamkabidhi mwenye namba mpya.

Mwenye namba wa zamani nilikuja kumfahamu Aprili. Tangu Machi mosi nilikuwa nimejaribu kupeleka nakala ya kumbukumbu za chuo kwenye hifadhi ya mtandaoni, kila usiku, kutoka kompyuta ya mezani kwangu. Gigabaiti 8. Ilikuwa inakaribia mwisho, inakatika, usiku unaofuata inaanza tangu sifuri. Baada ya siku tano nikaizima. Haikuniingia akilini kwamba kazi iliyoshindikana nayo hula bando. Aprili nilipoiwasha tena na kuona hesabu inavyopanda, mikono ikaanza kutoa jasho. Nikafungua faili la Machi. Seva iliandika hata siku, sema mimi nilikuwa nimetazama jumla. Hadi Jumanne jioni, 37 ilikuwa imeshakula 40. Zilikuwa zangu.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Siyaandiki haya kujisifu kwamba hatimaye nilisema. Naandika kwamba zilikuwa siku mbili, na katika siku hizo yule dada alipanda daladala kwenda mjini.

Mkuu alipendekeza adhabu iondolewe kimyakimya, kwa heshima ya chuo. Nikamwomba jina lililobandikwa ubaoni lisafishwe ubaoni. Akafikiri, akakubali. Nikaandika tangazo mwenyewe na kosa nikalitaja kuwa langu. Kisha nikamtafuta yule dada nimwombe radhi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nilisema Jumatano," akaniambia. "Mngeuliza tu."

Muhula ule niliandika sera ya matumizi ya TEHAMA ya chuo. Ina kurasa nne. Kila mtumiaji aingie kwa akaunti yake. Rekodi za matumizi zifutwe baada ya siku 30. Anayetaka rekodi za mtu aombe kwa maandishi, na wazitazame watu wawili, si mmoja. Na mtuhumiwa azione kabla ya kikao. Bunge lilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, wenzangu wa vyuo vingine walilalamika kuongezewa kazi. Mimi niliisoma polepole.

Chuo sasa kina intaneti isiyo na kipimo cha gigabaiti, na Bwana Mgao hana tena cha kugawa. Lakini kwenye ruta mpya, orodha ya anwani inaruka kutoka 36 kwenda 38. Msaidizi wangu aliniuliza kama ni hitilafu, airekebishe. Nikamwambia aiache, na nikamsimulia kwa nini.