Maziwa bila mtoto: si jini, ni kivimbe kichwani!

Wiki hii nawaandikia kutoka nyumbani Bombo. Si ile hospitali ya Bombo ya Tanga, la hasha! Hii ni Bombo yetu ya Gonja, wilayani Same, milimani Upareni, ambako ukipiga chafya asubuhi, jioni mtaa mzima unajua unaumwa nini.

Sasa hebu fikirieni binti wa hapa, kaolewa miaka mitatu, mtoto hana, hedhi imekatika, halafu maziwa yanamtoka! Ni mtoto wa mama yangu mdogo. Kina mama walipoona khanga imelowa kifuani, kesi ikaisha palepale: eti katoa mimba. Wengine wakasema ananyonyesha mtoto wa kijini usiku. Mumewe akahamia kwa kaka yake. Zahanati moja aliyokwenda wakampa dawa za kusafisha tumbo, basi.

Aliyemwokoa ni jirani yetu muuguzi mstaafu. Alimwuliza tu, "Mwanangu, kichwa hakikuumi? Macho je?" Kumbe kichwa kilikuwa kinamgonga kila siku. Tukachanga nauli, akaenda Moshi, KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971.

Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne ndiyo nikaelewa. Nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Ndiyo inayotoa prolaktini, homoni ya maziwa. Mara chache huota kivimbe kinachomwaga homoni hiyo kupita kiasi. Mwili unadanganyika kwamba kuna mtoto wa kunyonya: maziwa yanatoka, hedhi inasimama, mimba haishiki. Kwa kawaida si saratani. Ila fuvu halitanuki, jamani! Kivimbe kikikua kinabana mishipa ya macho iliyo juu yake, na mtu anaanza kutoona vya pembeni. Wanaume nao hupata. Nguvu zikipungua wao hukimbilia mizizi.

Daktari hakimbilii kisu. Anahakikisha kwanza hakuna mimba, anauliza dawa unazomeza, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili hupandisha prolaktini. Anapima damu, kisha picha ya MRI. Tiba ya kwanza ni vidonge: bromokriptini, iliyopo tangu miaka ya 1970, au kabagolini, ambayo humezwa mara moja au mbili kwa wiki. Kivimbe kinasinyaa. Vidonge vikishindwa ndipo upasuaji, mara nyingi kupitia puani. Hapa nchini upasuaji wa ubongo hufanyika MOI, pale Muhimbili, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1996.

Ndugu yangu kameza vidonge. Baada ya miezi kadhaa maziwa yakakauka, hedhi ikarudi. Mume naye karudi. Mama mkwe radhi hajaomba, ila kaleta sufuria la makande! Daktari kamwonya asiache dawa kwa kuona nafuu tu, na mimba ikiingia awahi kliniki.

Basi, dada zangu, maziwa yakitoka bila mimba wala kunyonyesha, usikubali kuitwa mchawi. Nenda hospitali uulizie kipimo cha prolaktini. Na ninyi mabwana, kabla ya kuhamia kwa kaka, msindikizeni mwenzenu kwa daktari.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.