Shuka na Mikono Minne

Neno "shuka" tumelizoea nyumbani hata hatudhani kwamba lina historia. Hapa Galula, katika bonde la mto Songwe unaokwenda kumwaga maji yake Ziwa Rukwa, shuka ni tandiko la kitandani. Ni nguo ya kujifunika usiku. Tena ni nguo anayojitanda mzee asubuhi akiota jua. Kwa Wamasai, shuka ndilo vazi lenyewe.

Siku moja, tukifundisha Kiswahili, tuliuliza darasani asili ya neno hilo. Mwanafunzi mmoja akajibu kwamba limetokana na kitenzi "kushuka", maana nguo hiyo hushuka toka mabegani hata miguuni. Tulipendezwa na jibu, tukalisifu mbele ya darasa zima, wala hatukulichunguza.

Jioni tulimsimulia jambo hilo bibi mmoja, jirani yetu. Akaichukua shuka iliyokuwa imeanikwa kambani, akaanza kuipima kutoka kiwiko chake hata ncha ya kidole cha kati. "Mwalimu," akasema, "usitazame inavyovaliwa. Tazama inavyokatwa."

Bibi alisema kweli. Neno hili limetoka katika Kiarabu, "shuqqa", yaani kipande kilichopasuliwa. Katika biashara ya karne ya 19 shuka ilikuwa kipimo: mikono 4 ilifanya shuka moja, kiasi cha yadi 2, na shuka 2 zilifanya doti. Hata leo jozi ya kanga twaiita doti. Misafara iliyotoka pwani ilichukua majora ya kaniki na ya merikani, kitambaa kilichopewa jina hilo kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem. Kwa shuka watu walinunua chakula, wakawalipa wapagazi, wakatoa hongo kwa watawala wa njiani. Shuka ilikuwa fedha kabla ya kuwa tandiko.

Hata hivyo, watu wa nchi za Rukwa hawakungoja merikani ndipo wavae nguo za pamba. Walilima pamba wenyewe, wakaisokota, wakaifuma. Huko Ufipa nguo hiyo iliitwa seketa, nayo ilikuwa nzito yenye kudumu. Nguo za viwandani zilipozidi kuingia, vitanda vya wafumi viliachwa. Na nguo ilipotoweka, jina lake nalo likaanza kutoweka. Neno lililokuja na msafara limebaki vinywani mwa wote, bali neno la mfumi wa nyumbani watoto wengi hawalijui.

Juma lililofuata tulirudi darasani tukakiri kosa letu. Tulieleza kwamba kitenzi "kushuka" huzaa "mshuko", na kwamba kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu wa maneno. Kijana yule hakuona haya, aliuliza tu, "Basi nyumbani kwetu, kabla ya shuka, nguo iliitwaje?"

Hatukuwa na jibu. Tuliwatuma wanafunzi wote wakawaulize bibi na babu zao, na wayaandike majibu daftarini kila mtu kwa lugha ya kwao. Twawaomba walimu wenzetu wafanye vivyo hivyo mwaka huu huu, kwa maana wenye kulijibu swali hilo wanazidi kupungua.