Daftari la Sukari

Nilipopatwa na maradhi ya kisukari, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nami ni mwanafunzi wa darasa la saba mjini Tanga, hapakuwa na mtu nyumbani kwetu aliyewahi kusikia kwamba sukari ya damu yaweza kupimwa na mgonjwa mwenyewe. Kilichopimwa ni mkojo, na cha kupimia yalikuwa maji ya buluu yaitwayo dawa ya Benedict, kwa jina la mwanakemia wa Kimarekani aliyeyatengeneza katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kila alfajiri marehemu mama aliwasha taa ya spiriti, akamimina dawa hiyo katika neli ya kioo, akadondosha matone manane ya mkojo, kisha akaishika neli kwa kibanio cha kuanikia nguo na kuichemsha, mdomo wake ameuelekeza dirishani, kwani maji yale yalikuwa na tabia ya kuruka ghafula na kumchoma mtu. Yakibaki buluu, alhamdulillahi. Yakiwa kijani, sukari ipo kidogo. Yakigeuka manjano, imezidi. Na yakipata wekundu wa tofali, basi hata majirani walipata habari, na mabaki ya halua yalifichwa juu ya kabati nisiyafikie.

Sitaki kuidharau neli ile, kwani ndiyo iliyonivusha ujana wangu, lakini ilikuwa shahidi wa mambo yaliyokwisha pita. Mafigo ya mwanadamu aghalabu hayaiachii sukari kuingia katika mkojo mpaka ile ya damu ifike kiasi cha milimoli 10 kwa lita, na mkojo wa alfajiri umekusanyika tangu usiku. Hivyo wekundu alioona mama saa kumi na moja huenda ulikuwa habari ya saa saba, na buluu ile ile iliyomtuliza moyo haikuweza kubainisha baina ya mtu aliye mzima na yule ambaye sukari yake imeshuka hata yu karibu kuzimia.

Katika miaka ya 1980 ami yangu, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, alianza kuniletea vijiti vya kupimia damu, navyo vilikuwa ghali hata tukavipasua kwa wembe, kwa urefu, kila kimoja kikawa viwili. Unajitoboa kidole, unadondosha damu juu ya kijiti, unangoja dakika moja kamili, unaifuta kwa pamba, unangoja dakika nyingine, ndipo unailinganisha rangi na zile zilizochorwa ubavuni mwa chupa; na kwa kuwa mwanga wa taa ya chemli hugeuza rangi zote kuwa za kimanjano, kipimo cha usiku kilizua mabishano baina yangu na mama, yeye akiona saba nami nikiona kumi. Mashine ndogo yenye kuonyesha namba ilipofika baadaye, mabishano hayo yalikoma, ingawa naungama kuwa niliyakosa.

Walakini mabadiliko makubwa kuliko yote hayakuja na mashine. Yaliletwa na bibi muuguzi mmoja wa kliniki, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyelichukua daftari ambamo namba zangu zilifuatana moja baada ya nyingine kama zilivyopatikana, akatoa rula, akapiga mistari ya kusimama, na juu ya kila safu akaandika: alfajiri, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya chakula cha usiku, wakati wa kulala. “Mwanangu,” akaniambia, “usisome kwenda upande. Soma kushuka chini.” Juma la pili nililisoma hivyo, na safu ya alfajiri ikadhihirika: 13, 12, 14, 13, ilhali namba za wakati wa kulala zilikuwa njema. Kumbe miaka yote ile nyumba nzima ilikuwa ikikilaumu chakula changu cha jioni bure.

Tabibu alipoliona daftari, aliniamuru niamke saa tisa za usiku kwa siku chache nijipime, kwa sababu sukari ya alfajiri yaweza kupanda kwa njia zaidi ya moja, na dawa ya moja ni madhara kwa nyingine: ikiwa imeshuka usiku wa manane, basi kuongeza insulini ya jioni ni kumtia mgonjwa katika hatari. Namba za saa tisa zilikuwa za wastani; kupanda kulianza baada ya hapo, karibu na adhana, saa ambayo mwili wa kila mtu hutoa homoni za kumwamsha na ini likamwaga sukari, naye asiye na insulini yake mwenyewe hana cha kuizuia. Sindano yangu ya insulini ya muda mrefu, niliyokuwa nikijichoma kabla ya kula, ikasogezwa mpaka wakati wa kulala ili nguvu yake ikutane na saa hizo, na safu ya alfajiri ikateremka pole pole hadi saba na nane, bila ya mimi kupunguza hata tonge moja.

Tangu hapo daftari likawa na mambo yake ya kuniambia. Ijumaa ilikuwa na desturi yake ya kushuka adhuhuri, kwani pilau ilingoja watu watoke msikitini, ilhali insulini ya asubuhi haimngoji mtu. Na msimu wa embe ulionekana dhahiri kabla hata mtu hajaniuliza nimekula ngapi.

Mnamo 1993 utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada ulithibitisha kwamba mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayejipima mara kwa mara na kuirekebisha insulini yake hupunguziwa kwa kiasi kikubwa maradhi ya macho, mafigo na mishipa ya fahamu, na kliniki zikazidi kukithamini kipimo kionyeshacho wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Nakiheshimu kipimo hicho, lakini sikiamini peke yake, maana mtu ambaye sukari yake hucheza baina ya 3 na 17 aweza kupata wastani ule ule wa mwenziwe aliyetulia.

Leo mjukuu wa ami yangu, aliyezaliwa Muscat naye ana maradhi haya haya, amebandika mkononi kihisio kidogo ambacho huipeleka sukari yake katika simu kila baada ya dakika chache, pamoja na mshale wa kumwonyesha ielekeako, na habari ya saa tisa za usiku huipata akiwa usingizini. Hata hivyo, simu yenyewe humpangia siku za juma zima moja juu ya nyingine, saa kwa saa, na sidhani kuwa bibi muuguzi wangu angeona jambo jipya pale.

Ama huku kwetu, wagonjwa wengi bado hununua vijiti kwa fedha za mfukoni, na mara nyingi hupata insulini wakakosa cha kuipimia. Basi, msomaji, ikiwa katika jamaa zako yumo mtoto mwenye maradhi haya nawe wataka kumfaa, usimpelekee asali wala mizizi. Mpelekee pakiti ya vijiti, ukiisha kuuliza kwanza jina la mashine yake, kwani vijiti vya mashine moja havifanyi kazi katika nyingine.