Bustani Isiyolimwa kwa Jembe: Tuliyoyaona Korogwe na Handeni

Kati ya Korogwe na Handeni kuna barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 65 hivi. Si safari ndefu, lakini katika mwendo huo msafiri huona hali mbili tofauti. Korogwe iko bondeni, karibu na Mto Pangani, na milima ya Usambara inaonekana kwa karibu. Kabichi na karoti za Lushoto huteremshwa kwa magari mpaka sokoni, na mama mwenye fedha kidogo hakosi kitu cha kutia chunguni. Handeni iko juu zaidi, mbali na mto, na maji ni kitu cha kuhesabiwa ndoo kwa ndoo. Mvua ikichelewa, fungu la mchicha hupungua na bei yake hupanda. Ndipo watoto wanapokula ugali kwa chai.

Sisi akina mama wa kanisa tunaotembelea familia katika wilaya hizi, baadhi yetu tukiwa wauguzi, tumezoea kuuliza katika kila nyumba: "Jana jioni mlikula nini?" Jibu lake hutusaidia kujua afya ya nyumba nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na watoto 58 katika kila 100, wenye umri wa miezi 6 hadi 59, waliopungukiwa damu. Kwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa 45 katika kila 100. Sababu zake ni nyingi: malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu, na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Mboga za majani si dawa ya yote hayo, lakini nyumba isiyoziona kwa miezi miwili mfululizo ina hasara kubwa.

Kwa hiyo tulipoanza kuona bustani ndogo za mboga zinazobaki kijani hata mwezi wa Januari, tena zisizolimwa kwa jembe, tulitaka kujua zimetengenezwaje. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa wenyewe, mama mwenzetu, nasi tunakupa.

Mgongo usioweza jembe

Mama mmoja wa upande wa Handeni alikuwa amejifungua mara mbili kwa upasuaji, na mimba ya tatu ilikuwa na miezi mitano. Kliniki walimwambia damu yake ni ndogo. Walimpa vidonge vya kuongeza damu na kumshauri ale mboga za majani kila siku, na pia apumzike na kazi nzito. Lakini mashauri hayo mawili yaligongana. Mboga hupatikana kwa kulima, na kulima ardhi kavu ya Oktoba ni kazi nzito. Mume wake alikuwa kibarua wa mbali, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Jirani yake ndiye aliyemwonyesha njia nyingine. Badala ya kukatua ardhi, walifyeka majani, wakatandika maboksi juu yake, wakamwaga samadi iliyooza, wakapanda, kisha wakafunika kwa nyasi kavu. Kazi ya kubeba ilifanywa na vijana wa jirani kwa siku moja. Kazi iliyobaki, yaani kupanda, kunyunyizia maji na kuchuma, aliiweza akiwa ameketi kwenye kigoda.

Njia hii haikuanzia hapa. Marekani, mwanamke aitwaye Ruth Stout aliitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, umri ambao wengi huacha jembe. Japani, mkulima Masanobu Fukuoka alijulikana kwa kutolima mashamba yake. Hapa kwetu mabwana na mabibi shamba hufundisha kilimo hifadhi, ambacho nguzo zake ni tatu: kutoitifua ardhi ovyo, kuifunika daima, na kubadilisha mazao. Bustani hii ni kilimo hifadhi cha nyuma ya jiko.

Kwa nini ardhi isilimwe? Ndani ya udongo kuna nyungunyungu na viumbe wengine wadogo wanaotoboa njia za maji na hewa na kugeuza majani makavu kuwa mbolea. Jembe huvunja njia hizo, huanika udongo uliokuwa na unyevu, na huleta juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala chini. Ukiuacha udongo ulivyo na kuufunika, maji hukaa na magugu hupungua.

Kutengeneza kitanda kimoja

Chagua mahali karibu na jiko, panapopata jua. Pima upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga ndani. Urefu wa mita 3 unatosha kwa kuanzia.

Fyeka majani mpaka chini. Ukoka na ndago ung'oe kwanza kadiri uwezavyo, maana ndago hutoboa hata boksi. Kama ni uwanja uliokanyagwa miaka mingi ukawa mgumu kama sakafu, mwombe kijana autoboe toboe kwa mtaimbo mara moja tu, bila kuugeuza. Mwagia maji. Tandika maboksi uliyoyatoa gundi ya plastiki na pini, kila moja lipande juu ya jingine kwa shubiri moja. Yamwagie maji tena mpaka yalegee.

Juu yake mwaga samadi iliyooza vizuri au mboji, unene wa sentimita 10. Kwa kitanda cha ukubwa huo ni kama ndoo 18 za lita 20. Usishtuke; mwaka unaofuata utaongeza ndoo chache tu za juu. Panda miche, kisha tandaza nyasi kavu au mabua, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila shina.

Kama wauguzi tunasisitiza: samadi mbichi isiwekwe kwenye mboga zinazoliwa majani. Iache ioze miezi mitatu au minne. Vaa viatu, nawa mikono kwa sabuni, osha mboga kwa maji safi, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda imekamilika, hasa kama u mjamzito.

Mwaka mzima bustanini

Mpango wa bustani hii huanza kabla ya mvua. Agosti na Septemba ni miezi ya kukusanya. Ni wakati ambao moshi huonekana kila upande, watu wakichoma mashamba. Sisi tunasema usichome. Mabua yale ni blanketi la bustani yako. Handeni wafugaji ni wengi, na samadi ya zizi la zamani hupatikana ukiomba kwa heshima. Korogwe kuna utajiri mwingine: mkonge. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa zinazopatikana ni kama kilo 4 tu. Mengine ni mabaki. Akina mama walio karibu na mashamba ya mkonge huomba mabaki ya zamani, yaliyokwisha kuoza na kuwa meusi. Yakiwa mabichi yana ukali na huunguza miche.

Oktoba tandika kitanda, ili mvua za vuli zikianza zikikute tayari. Kati ya Oktoba na Desemba panda mchicha, kunde za majani, bamia na maboga. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ukivuna using'oe, kata shina, mizizi ioze humo humo ilishe udongo.

Januari na Februari jua ni kali, na huu ndio mtihani wa bustani. Ongeza matandazo yawe mazito kama kiganja kilichosimamishwa. Mwagilia jioni, maji mengi mara chache, kuliko kidogo kidogo kila saa. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole chini ya nyasi. Ukikuta unyevu, acha mpaka kesho. Maji yaliyosuuzia mboga na mchele yanafaa. Kama maji hayatoshi vitanda vyote, okoa kimoja chenye matembele na mnafu, vingine viache vimefunikwa vipumzike.

Masika, kati ya Machi na Mei, mambo hugeuka. Maji ni mengi, na chini ya nyasi nzito konokono hujificha na mashina huoza. Punguza matandazo, yasogeze pembeni. Huu si wakati wa nyanya, kwani ukungu huziua. Panda vipande vya matembele na kunde, na uache mlenda na mchunga uliojiotea, kwa maana hizo nazo ni mboga. Mwezi wa Mei sia kitalu kidogo chini ya kivuli.

Juni hadi Agosti kuna ubaridi, nao ni msimu mzuri wa sukuma wiki, figiri, nyanya na vitunguu. Palipokuwa na kunde weka nyanya. Palipokuwa na nyanya usirudishe nyanya wala nyanya chungu, bali weka mboga za majani. Machungwa nayo hujaa njiani, Segera, Michungwani na Muheza. Mpe mtoto chungwa pamoja na mboga yake, au ukamulie limau, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai nayo iwekwe mbali na chakula, maana huyazuia.

Mchwa, kuku na nyoka

Tusifiche matatizo. Mchwa ni wengi Handeni, na hupenda boksi kavu na mabua. Wengi tuliowatembelea wameona kwamba boksi lililoloweshwa vizuri na kufunikwa kwa samadi haliwavutii sana, na kwamba mchwa wakipata nyasi kavu huacha mche ulio hai. Hivyo usiache mche ukauke, na nyasi zisiguse shina.

Kuku hufukua matandazo kwa saa moja wakamaliza kazi ya wiki. Zungushia matete au matawi ya miiba, bila huruma.

Nyoka ni jambo la kuangalia zaidi. Nyasi nzito huficha panya, na panya humwita nyoka. Usirundike nyasi ukutani wala karibu na mlango. Kabla ya kuingiza mkono, pigapiga kwa fimbo. Usichume mboga gizani. Mtu akiumwa, asichanjwe, jeraha lisinyonywe wala kufungwa kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja.

Maneno ya mama mkwe

Lakini tatizo gumu kuliko mchwa lilikuwa jingine. Katika kaya zetu mwanamke mchapakazi hutambuliwa kwa uwanja uliofagiliwa. Alfajiri kila mlango husikika mlio wa ufagio, na takataka huchomwa. Bustani iliyojaa nyasi kavu na maboksi huonekana kama nyumba ya mvivu.

Yule mama mwenye mimba alitembelewa na mama mkwe wake mwezi wa Novemba. Bibi akatazama, akaguna, akasema, "Mwanangu, bustani gani hii ya takataka? Watu watasema mwanangu ameoa mgonjwa." Yule mkwe hakujibu kwa ukali. Alisema tu, "Mama, nivumilie mpaka jua liwake." Tulipopita Februari, tulimkuta amejifungua salama mtoto wa kike, na bibi yupo pale akimlea mzazi. Mezani palikuwa na matembele yaliyoungwa kwa karanga. Hatuwezi kusema ni mboga peke yake zilizomfikisha, kwani alimeza vidonge vyake bila kuacha, alilala ndani ya chandarua na alihudhuria kliniki zote. Lakini miezi ile ya jua hakununua mboga hata siku moja. Naye bibi, bila kuulizwa, alituambia kwamba akirudi kwake atamwambia mjukuu wake mkubwa amtandikie kitanda kama hicho, "ila kiwe nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba panafaa pia. Mama mwenzetu, uwanja wa mbele endelea kuufagia upendavyo. Tenga hatua tatu tu kwa moja na kidogo nyuma ya jiko, usichome majani ya mwaka huu, na uwaombe wenye maduka wakuwekee maboksi. Kama mko kikundi, tengenezeni kitanda cha kwanza kwa yule ambaye mgongo wake hauwezi, au aliyejifungua juzi, au mjane aliye peke yake. Watu sita humaliza asubuhi moja, na kabla ya mwezi kwisha mwenzenu atakuwa na mchicha chunguni.