Programu Moja, Majibu Mawili

Wasee wa Nax, hii ni ya wale wanaandika programu usiku na kompyuta kuukuu. Hesabu ilikupa jibu. Ukaambia kompaila iongeze spidi, jibu likabadilika, na hujagusa hata mstari mmoja. Wengi hapo wanasema mashine ina pepo. Zii.

Anza na chama. Gawia watu 3 shilingi 1,000, kila mtu 333.33. Zirudishe pamoja: 999.99. Senti moja imeenda. Kompyuta nayo huwa na nafasi ya biti 64 tu kwa namba ya desimali, so kila hatua inachukua namba iliyo karibu zaidi.

Sasa mpangilio. Chukua 10,000,000,000,000,000, ongeza 1, halafu utoe ile kubwa. Kwa desimali za biti 64 unapata 0, juu ile 1 ilimezwa. Toa kubwa kwanza, kisha uongeze 1: unapata 1. Shuleni hizo ni sawa. Kwa mashine, si sawa.

GCC ukiipa -O2 haivurugi mpangilio wa kujumlisha. Ukiipa -Ofast ama -ffast-math, wewe mwenyewe umeiruhusu. Pia inaweza kuunganisha kuzidisha na kujumlisha viwe hatua moja kama chipu inaweza, ndiyo maana simu na kompyuta zinaweza kutofautiana. Hiyo unaizima na -ffp-contract=off.

Usiseme ni kitu kidogo. Mwaka wa 1961 huko Marekani, Edward Lorenz aliweka 0.506 mahali pa 0.506127 kwenye modeli ya hali ya hewa. Mwanzoni matokeo yalifanana, baadaye yakaachana kabisa. Na mkulima wa viazi pale Molo anangoja utabiri unaotoka kwa hesabu za aina hiyo.

Sisemi spidi ni mbaya. Hata jibu jipya si lazima liwe ndilo baya. Kuunganisha hatua kunaweza kulisogeza karibu na ukweli. Nasema ujue umelipa nini. Pesa hesabu kwa senti, namba nzima. Zingine, endesha kwanza bila -Ofast, weka jibu, amua tofauti gani unaweza kuvumilia, ndio uongeze spidi na ulinganishe.

Mimi niliacha chuo. Mteja akiuliza kwa nini jibu la leo si la jana, sina cheti cha kujificha nyuma yake. Nina hesabu tu, na lazima niweze kuieleza.