Bosi, Naacha Kazi... Lakini Nisifie Kwanza!

Ninyi watu wa Dar mkisikia mtu yuko Marekani, basi mnamwona kichwani yuko ofisini, kiyoyozi kinapuliza, kiti kinazunguka. Ngoja niwape ukweli wenu. Mimi kule Houston, jimbo la Texas, nilikuwa yaya. Kwa lugha ya nyumbani kwetu Kinondoni, hausigeli. Tofauti ni kwamba kule unalipwa kwa saa na unaendesha gari kumpeleka mtoto kuogelea.

Miaka mitatu nililea mvulana mmoja. Nilimpokea ana miezi minane, hata kukaa vizuri bado, mpaka akawa ananiambia "njoo" na "sitaki" kwa Kiswahili safi, mama yake anabaki kutoa macho. Kazi nilikuwa naipenda, tusidanganyane.

Basi bwana, mwanzoni mwa 2024 mchumba wangu akapata nafasi ya kusoma Boston, jimbo la Massachusetts. Kutoka Houston mpaka Boston si sawa na kutoka Kinondoni kuhamia Mbagala. Ni karibu kilomita 3,000, na sheria za kazi zinabadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Kodi ya nyumba huko usiombe! Tulipiga hesabu tukaona akiba yetu ingekata pumzi ndani ya mwezi mmoja na nusu. Halafu kila mwenye nyumba tuliyempigia aliuliza swali moja: barua ya kazi iko wapi? Kwa hiyo nilitakiwa kupata kazi ya mji ambao sijawahi hata kuukanyaga.

Nikaingia kwenye mtandao wa watafuta yaya, nikaweka picha, cheti changu cha huduma ya kwanza kwa watoto, na maelezo kwamba nahamia Juni.

Wa kwanza kunijibu alikuwa mtamu kama halua. Eti na yeye anahamia Boston, kwa sasa yuko nje ya nchi, ana mtoto mlemavu. Hata kuniona hajaniona, kazi keshanipa. Akaleta hundi ya dola 2,450. Dola 450 ni zangu za wiki ya kwanza, zilizobaki nimtumie fundi anayetengeneza kiti cha magurudumu cha mtoto. Nikaipeleka benki. Kesho yake naangalia akaunti, fedha hizo hapo! Nikaanza kucheka peke yangu kama chizi.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kenya tuliyezoea kukutana bustanini, naye kasimama na watoto wa tajiri wake. Akaniambia, "Dadangu, hebu ngoja kwanza. Pesa kuonekana kwa akaunti si pesa kuingia." Kumbe benki za kule huweza kukuruhusu kutumia fedha za hundi kabla hazijajua kama hundi yenyewe ni halali. Ikigundulika ni feki, wanakata chao, na kile ulichokwisha kutuma kwa "fundi" ndiyo kimekwenda na maji. Nikangoja. Siku ya tisa hundi ikarudi, haina kitu. Dola 2,000 ndiyo kwanza zilikuwa zinataka kutoka mfukoni mwangu. Mtoto wa mjini nilikuwa nimebakiza hatua moja tu niingizwe mjini!

Familia ya pili ilikuwa ya kweli, nikaiona kwenye simu ya video. Saa 50 kwa wiki, dola 650, "na utakuwa kama ndugu yetu". Hapo nikachukua kalamu. Texas kima cha chini ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali kuu tangu 2009, hivyo kwa macho ya Houston nilikuwa naona neema. Lakini Massachusetts ilikuwa dola 15. Saa 40 ni dola 600, saa 10 za ziada kwa moja na nusu ni 225. Jumla 825. Yaani undugu huo ungenigharimu dola 175 kila wiki. Nikawashukuru kwa adabu zote.

Wa tatu walikuwa mke na mume madaktari, wana mapacha. Hao hawakuwa na maneno mengi. Dola 24 kwa saa, mkataba wa maandishi. Sheria ya wafanyakazi wa majumbani ya jimbo hilo, iliyoanza kutumika Aprili 2015, inataka maandishi hayo ukifanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki. Wakanipa hata namba ya yaya wao wa zamani nimuulize chochote. Nikasema hapa ndipo penyewe.

Halafu yule mama akatamka kwa upole, "Ijumaa nitampigia bosi wako wa sasa."

Mate yakakauka. Bosi wangu alikuwa hajui lolote! Nikimwambia, anaweza kunitoa siku hiyo hiyo, maana Texas mwajiri haulizwi notisi, na Boston bado sijaipata. Nisipomwambia, atasikia kwa mtu baki. Sasa wewe ungefanyaje?

Usiku ule nilimkumbuka dada aliyetulea. Alitoka Iringa, akaletwa na dalali, akashuka kwenye basi na begi moja, hajui anakwenda kwa nani. Mama alimuuliza dalali swali moja tu: haibi? Miaka minne alitupikia, akatuogesha, akatusindikiza shule. Siku aliyosema amepata mahali pengine wanakomwongezea mshahara, begi lake lilikuwa nje kabla ya saa sita mchana. Tuliporudi shule hayupo. Nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama. Hivi yule dada jina lake halisi alikuwa nani?"

"Marahaba mwanangu. Yupi? Si dada tu!"

Nampenda mama yangu, lakini jibu lile lilinikaa vibaya, na mpaka leo sijalimeza. Wala na mimi jina silikumbuki.

Alhamisi jioni, bosi kavua viatu, nikamwambia yote: Boston, mchumba, madaktari, simu ya kesho. Alinyamaza mpaka nikasikia friji inavyonguruma. Akauliza, "Lini?" Nikasema mwisho wa Mei. Akapanda ghorofani bila neno.

Ijumaa asubuhi alinisalimia kama anamsalimia fundi bomba. Nikajua kimenuka. Mchana wote nilishika simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Saa kumi na moja ujumbe ukaingia kutoka Boston: kazi ni yako. Baadaye yule daktari alinisimulia kwamba wameongea karibu nusu saa, na bosi wangu hakunipamba hata kidogo. Alisema siku za mvua nachelewa, kweli kabisa, na kwamba kwa miaka mitatu mtoto wake hajawahi kulia asubuhi akiniona naingia.

Alininunia wiki nzima. Halafu akaanza kuniuliza jinsi ninavyopika ule uji.

Mvulana nilimwambia mwenyewe, wiki mbili kabla ya kuondoka. Aliuliza kama huko Boston kuna mtoto. Nikamjibu wapo wawili. Akafikiri, akaangalia viatu vyake, akasema, "Sitaki."

Nikamfunga kamba, tukaenda bustanini kama kawaida.