Diski ya kuhariri na diski ya kutunzia

Mteja wa video ya harusi huja mara mbili. Mara ya kwanza ana shangwe, anaitaka kazi yake kesho. Mara ya pili miaka imeshapita: bibi amefariki, na sauti yake imebaki kwenye sendofu tu, pale alipokuwa akimuasa mjukuu. Wengine hutafuta nyumba. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi hapa Bukoba, na kuna familia ambazo boma lao la zamani halionekani popote ila kwenye video.

Ndiyo maana nanunua diski za aina mbili na sichanganyi kazi zake.

Ya kuhariri ni SSD. Kamera ya 4K inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Faili moja kama hilo hata eksteno ya kawaida, ya mizunguko 5,400 kwa dakika, inalimudu. Panga kamera tatu kwa pamoja uone: kichwa cha kusomea kinahangaika kutoka faili hili kwenda lile, picha inakwama, na wewe unailaumu kompyuta. SSD haina kichwa, wala haiogopi bodaboda ya kutoka Kamachumu. Ila angalia waya. Ukichomeka wa USB 2, fedha yako ya SSD imekwenda bure.

Ya kutunzia ni hiyo hiyo eksteno inayozunguka. Terabaiti zake ni nafuu, na SSD iliyofungiwa kabatini miaka bila umeme inaweza kupoteza data, jambo ambalo wapiga video wengi hawalifikirii. Nachukua ndogo, ya inchi 2.5. Ile ya mezani ya inchi 3.5 inataka adapta yake ukutani: umeme ukikatika Bilele katikati ya kunakili, laptopu inaendelea na betri, diski imezima, faili limeishia nusu. Ndogo inatumia umeme wa laptopu yenyewe.

Nakala ziwe mbili kabla memori kadi haijafutwa, moja studio, nyingine nyumbani kwangu. Mtu akiniambia ana nakala tatu, namuuliza ziko kwenye majengo mangapi. (Mara nyingi ziko kwenye droo moja.)

Halafu kuna feki. Terabaiti 2 kwa bei ya fleshi si bahati. Diski hizo hudanganya ukubwa. Zikifika ukomo wake halisi, zinaendelea kupokea mafaili kana kwamba zinahifadhi, na huko ndani kazi inaharibika kimya kimya. Mpya yoyote naijaza hadi mwisho kwa programu ya H2testw, ambayo huandika kisha ikasoma tena kila ilichoandika. Inachukua saa nyingi, kwa hiyo napatana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikifeli nairudisha. Akikataa, nahamia duka la jirani.